Baraza, Si Ubao

Wapo wenzetu wanaoandika historia ya kompyuta kwa Kiswahili, na kazi yao ni ya kushukuriwa. Ila kila wafikapo kwenye ile mitambo ya zamani ambayo mtu aliipigia simu kwa kompyuta yake, akasoma ya wenzake na kuacha yake, huandika "mfumo wa ubao wa matangazo", kisha hao wamepita. Jina hilo lina kasoro, na kasoro yenyewe si ya kamusi tu. Linatuficha jambo ambalo sisi watu wa mashairi tulipaswa kulitambua mapema kuliko wengine, na tumechelewa kulitambua kwa hasara nitakayoieleza.

Ubao wa matangazo tunaujua. Umepigiliwa ukutani nje ya ofisi ya kata. Una karatasi ya mnada, karatasi ya majina ya waliochaguliwa, na karatasi ya tatu iliyofifishwa na jua hata haijulikani ilisema nini. Anayebandika hamjui anayesoma. Anayesoma hana pa kujibia, na akijibu kwa kalamu pembeni mwa karatasi huhesabiwa mhuni.

Ni kweli kwamba waanzilishi wenyewe walianza na ubao. Ward Christensen na Randy Suess walikuwa katika klabu ya wapenda kompyuta mjini Chicago, na klabu hiyo ilikuwa na ubao laini ambao wanachama walibandikia vikadi: nauza hiki, natafuta kile, nani ana nafasi garini. Januari 1978 theluji nyingi iliufunga mji, watu wakakwama majumbani. Christensen akampigia simu Suess, na katika mazungumzo yao likazaliwa wazo la kuuhamishia ubao ule ndani ya kompyuta inayopokea simu. Suess akashika vyuma, Christensen akashika programu, na wakakubaliana klabu isiingizwe, kwa kuwa klabu ingeleta kamati. (Aliyewahi kukaa katika kamati ya kuhariri diwani ya pamoja atawaelewa.) Tarehe ya kuzaliwa kwa mtambo huo, walioupa jina la CBBS, hutajwa kuwa 16 Februari 1978. Christensen alieleza baadaye kwamba kazi iliwachukua kama wiki mbili, lakini wakaona watu hawataamini, wakasema mwezi mmoja. Novemba mwaka huohuo waliandika makala katika jarida la Byte kueleza walivyofanya, na baada ya hapo kila mwenye kompyuta, modemu na laini ya simu alikuwa na la kujaribu.

Mtambo uliwekwa nyumbani kwa Suess, kwa sababu alikaa ndani ya mji, mahali ambapo wapigaji wengi wangelipia gharama ya simu ya karibu. Kwangu mimi hapo ndipo ubao ulipokoma kuwa ubao. Ulikuwa nyumbani kwa mtu.

Fikiria hali ilivyokuwa kwa maelfu waliofuata nyayo hizo katika miaka ya 1980. Laini ya simu ni moja, na kwa hiyo mgeni ni mmoja kwa wakati. Mwingine akipiga anasikia mlio wa shughuli, anasubiri, anajaribu tena. Simu ikilia, modemu inapokea yenyewe, zinapigiana mbinja na mchakacho mpaka zinaafikiana mwendo, kisha kwenye kioo cha mgeni linatokea jina la nyumba na swali: wewe ni nani? Mgeni mpya hujaza jina na mji atokao, naye mwenye nyumba husoma maombi hayo asubuhi kabla ya kwenda kazini na kuamua nani aruhusiwe wapi. Mara nyingi kompyuta imewekwa pembeni mwa chumba cha kulala, na mwenye nyumba akiamka usiku huona herufi zikijiandika zenyewe kiooni, maana mtu fulani asiye na usingizi yuko ndani anasoma. Akitaka, huketi akabonyeza kitufe na kumwamkia. Kila mgeni alipewa dakika zake kwa siku, mara nyingi 60 au pungufu, ili na wengine wapate nafasi. Akimaliza dakika zake hutolewa hata kama sentensi haijaisha.

Tunacho kitu cha namna hiyo, na kina jina. Mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja kuna kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Ni cha mwenye nyumba, lakini ni cha wapitao. Waketio wanajulikana, na nafasi ina kikomo. Mazungumzo ya jana yanaendelezwa leo na waliokuwapo jana. Ukileta matusi, mwenye nyumba hahitaji kamati wala kanuni iliyochapwa, husema tu: bwana, leo hapana nafasi. Hilo ni baraza, na lile la Chicago lilikuwa baraza. Najua kwamba neno hili limeshachukuliwa na serikali, kuna Baraza la Mawaziri na Baraza la Mitihani. Hoja hiyo hainitishi. Neno limebeba mawaziri na wanywa kahawa kwa pamoja miaka yote hii bila kulemewa, nalo halitashindwa na modemu.

Sasa niingie katika lile linalotuhusu sisi hasa, nalo ni hesabu.

Modemu za mwanzo zilipeleka biti 300 kwa sekunde. Kila herufi ilisafiri kwa biti 10: moja ya kufungua, nane za herufi yenyewe, moja ya kufunga. Kwa hiyo zilifika herufi 30 kwa sekunde. Tarbia ya kawaida, mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja, ina herufi kama 170 ukihesabu nafasi na alama za kituo. Ubeti mzima ulihitaji chini kidogo ya sekunde sita, mshororo mmoja sekunde moja na nusu. Msomaji hakupewa ukurasa autazame kwa jicho moja. Aliona ukwapi ukijijenga herufi kwa herufi, akasubiri utao, na kina cha kati kilimfikia kabla hajajua cha mwisho. Mwendo huo unakaribiana na sauti ya mtu asomaye kuliko karatasi ilivyowahi kukaribiana nayo. Sijui kama kuna mshairi wa Kiswahili aliyebahatika kusomwa hivyo katika miaka hiyo. Ningependa sana kuwa yeye.

Tena Kiswahili kiliifaa mitambo ile kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo. Msimbo wa herufi uliotumika ulikuwa wa Kimarekani, ASCII, wenye alama 128 tu. Mfaransa alikosa mkaju wa juu ya herufi zake, Mjerumani alikosa vitone vyake viwili. Sisi tuliona kila herufi ya Kiswahili cha maandishi ya Kirumi imo, na q na x zikabaki zaidi. Kitu pekee cha ziada tulichohitaji ni kile king'ong'o cha ng', nacho kilikuwamo. Ajabu ni kwamba simu zetu za leo, zenye uwezo maelfu ya mara, hukigeuza kialama hicho kuwa mkia uliopinda, tena mara upinde kushoto na mara kulia, hata ukitafuta "ng'ambo" katika maandishi yako mwenyewe unaambiwa haipo. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa Pate na Lamu kwa karne, haukuwa na mlango wa kuingilia humo kabisa.

Laini za simu zilikuwa na makelele. Mtu akinyanyua mkono wa simu chumba cha pili, au radi ikipiga mbali, herufi ziliharibika njiani. Katika mazungumzo hilo lilivumilika, lakini katika programu ya kompyuta herufi moja ikibadilika kazi yote imekufa. Christensen alikuwa amelitatua hilo mwaka 1977, kabla hata ya baraza lenyewe, kwa utaratibu uliokuja kuitwa XMODEM. Faili hukatwa vipande vya baiti 128. Kila kipande hutumwa pamoja na namba yake na jumla ya thamani za baiti zake, jumla inayoanza upya kila ifikapo 256. Mpokeaji hujumlisha mwenyewe. Zikilingana hujibu kwa alama moja, nimepokea. Zisipolingana hujibu kwa alama nyingine, tuma tena. Basi. Kipande hakiongezwi kitu mpaka kilichotangulia kimekubaliwa.

Niliposoma maelezo hayo mara ya kwanza niliweka kalamu chini, maana nilimsikia mwalimu aliyenifundisha kutunga. Yeye hakupata kuona kompyuta. Ukimghania shairi ulilolipokea kwa mtu, alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya goti, na ukikosea alisema: rudi, umedondosha moja njiani. Hakuwa na maandishi ya kulinganishia, alikuwa na hesabu.

Chukua mshororo huu ninaoutunga hapa kwa mfano tu: "Mlango nimefungua, mgeni karibu ndani." Nane kwa nane. Sasa chukulia umepita midomo mitatu na umefika hivi: "Mlango nimefungua, mgeni njoo ndani." Maana imebaki, sarufi haina kosa, hata adabu ipo. Lakini utao una mizani saba, na sikio lililozoea linajua kwamba kuna kilichopotea, hata kama halijui ni nini. Tuma tena.

Na udhaifu wao ni ule ule. Jumla ya XMODEM haioni mpangilio. Baiti mbili zikibadilishana nafasi, jumla ni ile ile na kipande kibovu kinapokelewa kwa heshima zote. Vivyo hivyo "karibu mgeni ndani" ina mizani nane kamili na kina chake hakijaguswa, na hakuna atakayejua kwamba mtunzi aliandika vingine. Wahandisi waliona hatari hiyo, wakaja na hesabu kali zaidi inayojali pia mahali pa kila biti. Mababu zetu walikuwa wameongeza vina vya kati na vya mwisho, na kibwagizo kinachorudi kila ubeti, na katika tungo nyingine neno la mwisho la ubeti mmoja kuanza ubeti ufuatao, ili ubeti ukiruka ujulikane umeruka. Sisemi kwamba wao walijifunza kwetu wala sisi kwao. Nasema tatizo lilikuwa moja, maneno ya thamani yanapita katika njia yenye makelele, na yeyote aliyelikabili kwa makini alijikuta anahesabu.

Hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Tangu ule mjadala wa miaka ya 1970, tumezoea kubishana kuhusu vina na mizani kana kwamba swali ni la uzuri au la uhuru: je, ni pambo au ni pingu? Nadhani pande zote mbili zilisahau kuuliza kazi yake. Mizani ni kifaa cha kuhifadhi. Shairi la arudhi linaweza kukaa kichwani mwa mtu asiyejua kusoma na likafika salama kwa mjukuu wake, kwa sababu limebeba ukaguzi wake ndani yake. Shairi huru halina ukaguzi huo. Hilo halilifanyi kuwa baya, na yapo mashairi huru ambayo ningetoa diwani zangu zote niwe nimeyaandika mimi. Lakini linahitaji karatasi au diski, na linahitaji mtunza diski mwaminifu. Anayetunga huru bila kujali nani atamtunzia ni kama anayetuma kipande bila jumla yake, kisha anakata simu.

Tunahifadhi wapi? Ndiyo hasara niliyoahidi kuieleza.

Kundi letu la malenga, watu arubaini na kitu kutoka pwani na bara, lilikuwa na majibizano katika simu za mkononi kwa muda wa miaka minne. Yalianza kwa fumbo la mmoja wetu kuhusu kisima kisichokauka. Wengine wakafumbua, wengine wakakataa ufumbuzi, mmoja akafumba juu ya fumbo, na beti zikapita mia tatu. Nilikuwa nikiyasoma majibizano hayo usiku na kuamini kwamba yatakuja kuwa kitabu. Kisha mwenye kundi akabadilisha simu. Mwingine simu yake iliibwa. Mwingine alifuta yote ili apate nafasi ya picha za harusi ya bintiye, na nani atamlaumu? Kila mmoja wetu aliamini kwamba yamo kwa mwenzake. Mwaka jana mmoja wa wafumbuzi hodari kabisa alitutoka. Baada ya arobaini mjane wake aliwatuma watoto kuuliza kama wanaweza kupata beti za baba yao. Tulitafuta wiki tatu. Alikuwa ameandika, kwa makisio yangu, beti zaidi ya sitini. Tulipata kumi na moja.

Sikuilaumu kampuni yoyote wala simlaumu aliyeibiwa. Tuliketi barazani kwa mtu tusiyemjua, na hatukuuliza nani anafunga mlango usiku.

Tulikuwa na mfano jirani zaidi ya Chicago, ila hautajwi. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco aliandika programu ya kuendesha baraza, akaiita Fido, kisha akabuni namna ya mabaraza mawili kupigiana simu yenyewe usiku wa manane, gharama ikiwa chini, na kubadilishana barua. Ndivyo ulivyoanza mtandao wa FidoNet. Kila nyumba ilikuwa na anwani ya namba: kanda, mtandao, nyumba. Afrika ilikuwa kanda ya 5. Palikuwa na saa moja maalumu ambayo kila baraza lilipaswa kuwafungia wageni na kusubiri barua tu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nairobi palikuwa na mtambo wa namna hiyo katika Environment Liaison Centre International, uliohudumia mashirika yasiyo ya kiserikali na kubadilishana barua na GreenNet ya London. Kwa kuwa kupiga simu ya ng'ambo kutoka huku kulikuwa ghali mno, mara nyingi London ndiyo iliyopiga. Mradi wa ESANET uliunganisha kwa njia hiyo vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Madaktari nao, kupitia HealthNet, walitumia programu za ukoo huohuo, na kwa sehemu barua zao zilibebwa na setilaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku, ikipokea na kushusha kama mashua ya posta.

Barua iliyoandikwa asubuhi ililala, ikasafiri usiku, ikajibiwa kesho au keshokutwa. Aliyeandika alijua kwamba kila herufi inalipiwa na mtu. Sisi tunaojibizana kwa beti tungeustawisha mwendo huo kuliko watu wote, maana jibu la ubeti haliji kwa dakika moja, na likija kwa dakika moja huwa ni baya. Kurasa za mashairi katika magazeti yetu, tangu enzi za Mambo Leo, zilikwenda kwa mwendo huohuo: fumbo mwezi huu, ufumbuzi mwezi ujao. Kundi la simu limetuharakisha. Aliyekawia siku tatu akitafuta kina hukuta wenzake wamefika kwenye salamu za Ijumaa na tangazo la shamba linalouzwa, naye huona haya kurudi nyuma.

Kwa hiyo tumefungua baraza. Kwanza, kwa kujifunza tu, mpwa wangu alipata modemu mbili kuukuu na tukaziunganisha katika suichibodi ndogo ya ofisi iliyokuwa haitumiki, kompyuta moja kila upande wa chumba. Modemu ya mpokeaji uliiamuru ATS0=1, yaani pokea mlio wa kwanza. Ya mpigaji ilikataa kabisa kupiga, ikidai hakuna mlio wa laini. Tulipoteza siku mbili tukibadilisha nyaya kabla ya kugundua kwamba mlio wa suichibodi yetu haukuwa ule iliofundishwa kuutambua, na kwamba ATX3 huiambia isisubiri mlio, ipige tu. Ilipopiga, nikaambiwa niketi. Ukatokea mchakacho, kikafuata kimya, kisha jina la baraza letu likajiandika pole pole kwenye kioo cha kijani. Mpwa wangu alicheka. Mimi nilitoka nje kidogo.

Baraza lenyewe la kazi halipokei simu. Liko kwenye kompyuta ndogo nyumbani kwangu, linaendeshwa kwa programu ya Synchronet ambayo ni ya bure na ingali inatunzwa, na wageni huingia kwa intaneti. Ni maandishi matupu, hakuna picha. Kila ubeti una jina la mtunzi, tarehe, na namba ya ubeti unaojibiwa. Dakika ni 60 kwa siku. Kila saa tisa usiku nakala za yote huenda kwa mwenzetu aliye Unguja na mwenzetu aliye Mombasa, na za kwao huja kwangu, ili moto ukiunguza nyumba moja, mbili zibaki. Kanuni tuliazima kwa FidoNet, ambao waliambizana usiwaudhi wenzako kupita kiasi, na usiwe mwepesi mno wa kuudhika. Nusu ya pili ndiyo inayowashinda malenga.

Wapo walioniambia kwamba ni mchezo wa wazee. Umeme hukatika, na ukikatika kwangu baraza limefungwa. Vijana hawataingia mahali pasipo na picha wala kidole gumba cha kusifia. Ya umeme ni kweli, tena mara mbili kwa wiki. Ya vijana ni nusu kweli: kati ya 26 waliojiandikisha, tisa hawajafika miaka thelathini, na watatu kati yao hawatungi arudhi kabisa. Wanaleta mashairi huru kwa sababu hapa wanajua yatakuwapo kesho. Wazito zaidi ni wanaoniuliza juu ya mamlaka yangu. Mwenye baraza anaweza kufuta, anaweza kumzuia mtu, anaweza kufa. Hilo halina jibu kamili. Katika miaka ya 1980 mabaraza mengi yalizimika siku mwenyewe alipooa, alipohama au alipochoka, na yaliyokuwamo yakaenda naye. Nakala za usiku zinapunguza hatari hiyo. Haziondoi. Lakini mnajua jina langu na mnajua ninapokaa, mkiona nimekosea mnaweza kuja kubisha hodi. Katika kundi la simu mlango wa kubisha hatukuwahi kuuona.

Kundi la simu halijafungwa, tunaliamkia kila asubuhi, na tanzia na harusi tunazipata humo. Ninachowaomba walezi wa makundi mengine ya mashairi, Lubumbashi, Maskati au popote, ni kutafuta nyumba moja yenye mtu anayejulikana na kuhamishia tungo humo kabla simu haijabadilishwa. Wakitaka kubadilishana nakala nasi usiku, tuko tayari.

Beti kumi na moja za marehemu ndizo nilizoziingiza kwanza, kabla ya kumkaribisha yeyote. Nilizinakili kwa mkono kutoka picha za vioo vya simu walizoniletea, nikihesabu kwa vidole kama nilivyofundishwa. Mshororo wa tatu wa ubeti wa saba una mizani 15. Huenda aliyenukuu alidondosha, huenda marehemu mwenyewe aliteleza, japokuwa kwa niliyemjua sidhani. Wenzangu wawili walipendekeza neno, na neno lao linaingia vizuri. Sikuliweka. Mshororo uko kama ulivyotufikia, na pembeni mpwa wangu ameandika tarehe tuliyoupokea na jina la mwenye simu ulikotoka.